Nipeni picha za samaki wa zamani

Anayetaka kujua nimefanya nini muda wote huu katika utafiti wa bahari, jibu fupi ni kwamba nimepima samaki. Nimewapima Dar es Salaam, kwenye fukwe za Kunduchi na Msasani na pale soko la samaki la Feri, kwenye ubao wenye rula, kuanzia ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia. Kisha naandika: chombo gani, mshipi au dema (mtego wa kusukwa) au nyavu, wavuvi wangapi, wamekaa baharini muda gani, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo hutamani kuzamia kwenye matumbawe ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, na watazamia. Lakini mimi huanza nao sokoni alfajiri, mnada ukiwa umechangamka. Huwezi kuzamia kila mwamba, ila samaki wa miamba mingi watapita mbele yako pale.

Uzito wa jumla peke yake haunitoshi. Mtu akiona matenga yamejaa husema bahari bado ina neema. Mimi nataka kujua yamejaa samaki gani, wa ukubwa gani. Chukua chewa: wengi wa jamii yake huanza maisha wakiwa majike, na wakishakua wakubwa hugeuka madume. Ukivua wakubwa mfululizo hupunguzi idadi tu, unawaacha majike bila madume wa kutosha. Tena kwa samaki wengi, jike moja kubwa hutaga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa ambao kwa pamoja wana uzito uleule. Kwa hiyo ninapomwona mchuuzi anapanga mafungu ya changu wa ukubwa wa kiganja, moyo unaniuma. Hao wamevuliwa kabla ya kuzaa. Simlaumu mchuuzi, anauza kilicholetwa, na jioni ana watoto wa kulisha.

Umri wao tunautafuta kwenye vijiwe vidogo vilivyomo ndani ya kichwa, karibu na ubongo, ambavyo hujenga tabaka juu ya tabaka samaki anavyokua. Kwa samaki wa bahari za baridi, pete za kila mwaka huonekana wazi. Huku kwetu joto la maji halipishani sana kati ya kusi na kaskazi, kwa hiyo kuzisoma ni kazi ya darubini na subira.

Vilevile nimeshika samaki waliovuliwa kwa baruti, hapa hapa Dar. Kwa nje anaweza kuonekana mzima. Mpasue: mfuko wa hewa umechanika, damu imevilia tumboni, uti wa mgongo umeachana na nyama. Uvuvi huo ulipigwa marufuku tangu 1970. Kinachonikasirisha zaidi ni kinachobaki chini. Matumbawe yakishavunjika vipande vipande, vipande hivyo husukumwa na mawimbi huku na huko, na matumbawe machanga hayapati mahali patulivu pa kushika. Mlipuko wa sekunde moja unafunga mwamba kwa miongo.

Miaka ya mwanzo, mzee mmoja nahodha wa Kunduchi alinitazama nikipima, akaitikia shikamoo yangu, kisha akasema: "Mwanangu, wewe unapima watoto. Wazazi wao tuliwala sisi." Akanionyesha kwa mkono wake, kutoka kwenye vidole hadi begani, chewa waliokuwa wakiwatoa karibu na pwani. Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika jambo hilohilo: kila kizazi cha watafiti huchukua hali ya bahari waliyoikuta wakianza kazi kuwa ndiyo ya kawaida, na upungufu wanaupima kuanzia hapo. Daftari langu la kwanza kabisa lilianza bahari ikiwa imeshapungua.

Tunaweza kurudi nyuma zaidi ya daftari. Huko Key West, Florida, mtafiti Loren McClenachan alikusanya picha za watalii waliosimama na samaki waliowavua, kuanzia 1956 hadi 2007, akakadiria ukubwa wa samaki kutoka kwenye picha hizo. Uzito wa wastani ulikuwa umeshuka kutoka karibu kilo 20 hadi kilo 2.3. Picha za familia za watu tu!

Ndiyo maana naandika leo. Kama baba au babu yenu alikuwa mvuvi au mchuuzi Msasani, Kunduchi, Kigamboni au Magogoni, fungueni masanduku. Natafuta picha yoyote yenye samaki na mtu, ngalawa au kitu kingine ambacho urefu wake unaweza kukadiriwa. Nitaipiga picha mbele yenu na kuwaachia yenu. Jina la samaki msihangaike nalo, nitamtambua. Mwaka ukiwa haujulikani, mwulizeni bibi picha ilipigwa kabla au baada ya mtoto yupi kuzaliwa. Na mwandike ilipigwa ufuo gani.