Nilipotafuta Jimu Ugenini

Chumba cha mazoezi cha hoteli nilikuwa nimekiona pichani kabla ya safari, kipana na chenye mwanga. Asubuhi ya kwanza niliposhuka nilikuta mashine mbili za kukimbilia, baiskeli, dambeli zinazoishia kilo 15 na kioo kilichofunika ukuta mzima, ambacho bila shaka ndicho kilichokipanua chumba pichani. Anayetaka kutoka jasho nusu saa kabla ya kazi atatosheka. Mimi nilikuwa nimetoka kuuguza mgongo kwa miezi mingi, na kilichoninyoosha ni kuchuchumaa na chuma mabegani, uzito ukipanda kidogo kidogo. Kazi iliyonipeleka mji ule ilikuwa ya wiki kadhaa. Niliogopa kweli kweli kupoteza nilichokijenga.

Mtaalamu wa viungo aliyenitibu alikuwa amenituliza kabla sijaondoka. Alinieleza utafiti wa Bickel na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011: watu waliofanya mazoezi ya vyuma siku tatu kwa wiki kwa wiki 16, kisha baadhi yao wakapunguziwa hadi siku moja kwa wiki, seti moja, yaani mzunguko mmoja wa kurudia bila kupumzika, kwa kila zoezi. Vijana waliokuwemo walidumu na nguvu zao kwa wiki 32 zilizofuata. Kilichopungua ni wingi wa mazoezi, siyo uzito wa chuma. Kwa hiyo sikuhitaji jimu ya kwenda kila siku. Nilihitaji mahali pamoja penye uzito wa kutosha, hata kama ningefika mara moja tu kwa wiki.

Jioni nikafungua ramani ya simu. Picha zilizowekwa na wenye jimu nilizipita haraka, nikakaa kwenye zile zilizopigwa na wateja, kwa sababu mteja hupiga picha bila kupanga: sakafu inaonekana, foleni inaonekana, mashine yenye karatasi ya "mbovu" nayo inaonekana. Nilikuwa natafuta kitu kimoja, fremu ya kuchuchumalia yenye vyuma vya usalama pembeni. Nyumbani nina mwenzangu wa kusimama nyuma yangu. Msafiri hana mtu huyo. Magoti yakikataa katikati, vyuma vile viwili vya pembeni ndivyo vinavyoupokea mzigo badala ya shingo yake.

Jimu ya kwanza niliyoiendea ilikuwa nzuri kwa macho, lakini walitaka mkataba wa mwaka mzima, na chuma chao cha kuchuchumalia kilikuwa kile kinachopanda na kushuka ndani ya reli. Sikipendi. Reli ndiyo inayokushikia mizani, na mgongo wangu ulikuwa unajifunza kuishika wenyewe. Isitoshe, uzito halisi wa chuma cha namna hiyo hutofautiana mashine kwa mashine, maana baadhi zina vizani vya kuusawazisha. Nikashukuru, nikatoka.

Ya pili ilikuwa ghorofani, juu ya ngazi nyembamba, na hata bango lake lilikuwa limepauka. Nilimwomba kijana wa mapokezi niangalie kwanza kabla ya kulipa. "Pita tu, dada, tazama unavyotaka," akasema. Kukubaliwa hivyo peke yake kuliniambia mengi. Mahali panapoficha ukumbi mpaka ulipe, mimi huwa napaogopa.

Ndani nikaona sahani za mpira, zile za uzito zinazovishwa kwenye ncha za chuma, zimepangwa kwa rangi: nyekundu kilo 25, bluu 20, njano 15, kijani 10. Ni rangi za mashindano ya kunyanyua uzito, na jimu inayozifuata mtu huisoma hata akiwa mgeni kabisa. Fremu zilikuwa na vyuma vya usalama, na sakafu ilikuwa ya mpira mzito. Wanawake wawili walikuwa wakinyanyua, wala hakuna aliyewakodolea macho. Lakini kilichonifurahisha kupita vyote kilikuwa kimeegemea ukutani: chuma cha wanawake, cha kilo 15 na unene wa milimita 25. Kile cha wanaume ni cha kilo 20 na unene wa milimita 28. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kuisikia, lakini mkono mdogo unaijua mara moja. Anayenunua chuma kile amewafikiria wanaokuja kwake.

Nililipia siku moja. Kocha, mzee mwenye sauti ya chini, aliniuliza jambo moja tu: "Una jeraha lolote, mwanangu?" Nikamweleza habari za mgongo. Hakunibadilishia mpango wangu wala kunitafutia mazoezi mapya. Alipandisha vyuma vya usalama tundu moja, akaniambia nishuke na chuma kitupu mpaka chini nione kama vinanitosha kimo. Vilitosha. Nikapanda polepole hadi uzito wangu wa kawaida, seti moja nzito, na mgongo haukulalamika.

Nilipomaliza nilimuuliza kijana wa mapokezi ni saa ngapi ukumbi huwa mtupu. Akanitajia asubuhi ya Jumamosi, nami nikalipia Jumamosi zote zilizobaki za safari yangu.