Rangi ya Ngozi Yake

Mwaka 2018 nilikuwa nimeshazoea kupamba maharusi pale Sinza, kwenye saluni ya dada mmoja aliyenifundisha kazi. Bi harusi unakaa naye saa nzima au zaidi, na mama zake wadogo wako pembeni wanatoa maelekezo. Dada alipoitwa kupamba wanamitindo kwenye onyesho na kunitaka niwe msaidizi wake, alinionya palepale: nyuma ya jukwaa hakuna saa nzima. Mbunifu ndiye anayeamua sura inayotakiwa, wote watoke nayo, na kila uso una dakika ishirini hivi, huku msusi naye anavuta nywele za mtu huyohuyo.

Jumamosi moja kabla ya onyesho akaniita kwenye jaribio. Asubuhi yote ilikuwa usafi. Brashi tuliziosha kwa sabuni ya watoto tukazilaza juu ya taulo, maana ukizisimamisha zikiwa mbichi maji yanashukia kwenye gundi na manyoya yanang'oka. Penseli za wanja tulizichonga upya na kuzipulizia spiriti ya asilimia 70. Maskara tulinunulia vibrashi vya kutupa, Kariakoo, kwa sababu brashi ikishagusa jicho la mtu hairudi tena kwenye chupa. Ugonjwa wa macho mekundu ukiingia chumba kile, onyesho zima limekwisha.

Mchana akaja mwanamitindo, binti mrefu, mweusi wa kung'aa. Hajakaa vizuri, akatoa mkobani chupa ya faundesheni, ile rangi ya kupaka uso mzima. "Dada, nitumie yangu, au ninyi mnayo ya kwangu?"

Huko nyuma, kwenye onyesho jingine, walimpaka iliyokuwapo, akapanda jukwaani uso umepauka na shingo nyeusi. Yaliwahi kumkuta hata Iman, mwanamitindo Msomali aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi: alipoanza kazi New York miaka ya 1970 wapambaji hawakuwa na rangi yake, ikabidi achanganye mwenyewe, na mwaka 1994 akaanzisha vipodozi vyake. Fenty Beauty, vipodozi vya mwimbaji Rihanna, nayo ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla ya Jumamosi ile, ikiwa na rangi 40 za faundesheni. Lakini kule ni ugenini. Binti huyu yuko Dar, mji wa watu weusi, na bado anatembea na chupa yake. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

"Irudishe mkobani, mdogo wangu," nikamwambia.

Nilimimina kahawia nzito juu ya bati la kuchanganyia. Ilivutia kwenye wekundu wa chungwa, kama nyingi zinavyofanya, nikaongeza rangi ya buluu kwa ncha tu ya kijiti, maana buluu inazima wekundu huo wa chungwa na kuipa weusi. Nikachora mstari kuanzia tayani kushuka shingoni. Chini ya taa za saluni ulikuwa safi. Dada akatutoa nje barazani, kwenye jua, akamgeuza binti kidevu. "Bado ina wekundu." Tukarudi ndani, nikaongeza chembe nyingine. Safari hii mstari ulizama kwenye ngozi, nikawa nautafuta kwa kidole siuoni.

Binti akajipiga picha kwa flashi, akaikuza, akaitazama kwa muda mrefu. "Na masikio je?" Nikapaka masikio. Kisha tukazima feni makusudi tuone joto litafanya nini. Jasho likatoka puani na juu ya mdomo. Nikalikausha kwa tishu kwa kubonyeza, bila kusugua, nikapitisha poda kidogo hapo tu. Rangi haikuhama.

Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie, akampigia simu mwenzake aliyekuwa Mwenge, mweusi kumzidi yeye. "Panda boda uje sasa hivi, jua halijazama."

Nikafuta bati, nikafungua tena chupa ya buluu.