Nilivyozoea kuilinda ahadi katika briji

Katika briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, mkono mgumu haunitishi sana. Mwepesi ndio wenye hila. Mwenzangu akishalaza karata zake wazi mezani ili nizicheze mimi, nikaona ahadi yetu, yaani idadi ya mizunguko tuliyosema tutashinda (kila mzunguko mtu huweka karata moja), imekaa vizuri, siigusi karata hata moja mpaka nijiulize: wapinzani wakigawana vipi, nitaanguka?

Kukariri kulinishinda. Kilichonifaa ni kutenga shupaza zote 13 nikazichezesha peke yangu. Mkononi asi, kumi na ndogo tatu; mezani mfalme, tisa na ndogo mbili. Kwa wapinzani zinabaki nne: malkia, ghulamu na ndogo mbili. Kwa kawaida hugawanyika 2 kwa 2 mara 40 hivi kati ya 100, 3 kwa 1 mara 50, na zote nne hukaa upande mmoja mara 10. Hizo 10 ndizo za kuogopa.

Dawa yake, ikiwa unaweza kupoteza mzunguko mmoja lakini si miwili: toa ndogo mkononi. Wa kushoto akiweka ndogo, mezani weka tisa, hata kama roho inataka mfalme. Ikiliwa, zimebaki mbili tu, na asi na mfalme watazizoa. Wa kulia akikosa shupaza, tisa imekula na bado utapoteza mzunguko mmoja tu.

Huwa tunacheza kwenye baraza la shangazi, mtaa wa Nguba, hapa Bukavu, sahani ya sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) ikiwa pembeni (karata zetu zote zina mafuta, tumezoea). Jioni moja nilikuwa na ahadi ya shupaza 4, yaani kushinda mizunguko 10 kati ya 13 shupaza zikiwa turufu, turufu zenyewe ndizo hizo, na nje ya turufu mizunguko miwili ya kupoteza. Nikatoa ndogo, mzee wa kushoto akatupa kopa. Nikala kwa mfalme, nikatoa ndogo ya mezani kuelekea kwangu. Wa kulia akaweka ghulamu, asi ikamla, malkia akabaki kuwa mzunguko wao wa tatu na wa mwisho. Ningeanza na asi, angekula kwa malkia na ghulamu wote wawili.

Yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenzangu, hakufurahi. Kwake kila mzunguko wa ziada ni mali, na zikigawanyika 2 kwa 2 njia yangu mara nyingi inautupa mmoja. Lakini kwa hesabu yetu ya barazani ziada hiyo ni pointi 30 tu, na ahadi ikivunjika umepoteza gemu nzima, yaani pointi zote za ahadi hiyo. Kwenye mashindano ya jozi namkubalia: huko alama zako hulinganishwa na za waliocheza karata zilezile, na pointi 30 zinaweza kukushusha chini kabisa.

Kuna tahadhari nyingine ambayo hata yeye haibishii, kwa kuwa ni ya bure. Ukikosa ghulamu na ndogo tatu, huku una asi, malkia na kumi mkononi na mfalme na tisa mezani, anza na asi. Popote ghulamu alipo, hata mpinzani mmoja akiwa na zote nne, bado unaweza kumnasa.