Babu alisali wapi? Kuutafuta ukoo wa Maragoli nikiwa Indiana

Kabla hujaandika jina lolote kwenye kompyuta, piga simu nyumbani uulize babu na nyanya walisali wapi. Kwetu magharibi mwa Kenya, jibu hilo ndilo linaloonyesha karatasi zao ziko wapi, kama zipo. Reli ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901, na wamishonari wakafuata wakipishana kwa miaka michache tu. Friends, yaani Waquaker, kutoka Marekani walianza Kaimosi mwaka 1902. Wakatoliki wa Mill Hill waliingia Kisumu 1903 na Mukumu 1906. Mwaka huo wa 1906 CMS, wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifungua Maseno, na Waadventista wakapiga kambi Gendia. Kila kanisa lilikuwa na desturi yake ya kuandika, na kila moja lilituma barua na ripoti kwao. Ndiyo maana habari za kijiji cha Vihiga unaweza kuzikuta Birmingham, Uingereza, ambako nyaraka za CMS zinatunzwa chuoni, au hapa Indiana ninapoishi.

Baba yangu ni Mmaragoli wa ukoo wa Kirima, na wazazi wake walikuwa Waquaker. Mama ni Mwisukha, jamii nyingine ya Waluhya. Kwao wote ni Wakatoliki wa Mukumu. Kati ya watoto wa babu amebaki shangazi mmoja tu, na sauti yake kwenye simu imeanza kuchoka. Nimekaa Indianapolis muda mrefu wa kutosha kujua kwamba mtu akifa nyumbani sisi wa huku hutuma mchango, hutazama mazishi kwa simu, kisha tunarudi kazini. Sitaki majina yote aliyonayo yaende naye.

Wengi huanzia FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, kwa sababu ni bure. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu huwaita Wamormoni, kutoka Salt Lake City, Utah. Chama chao cha nasaba kiliundwa 1894. Mwaka 1938 wakaanza kuzipiga nyaraka picha za maikrofilamu, nchi baada ya nchi, hadi mikanda ikafika milioni 2.4, na wakachimba hifadhi ndani ya mlima wa mawe karibu na mji huo ili isiharibike. Kazi ya kuiingiza yote kwenye kompyuta ilikamilika 2021. Kinachowasukuma ni imani: wanaamini familia yaweza kuunganishwa milele, na kwamba aliyekufa anaweza kubatizwa kwa niaba, mtu aliye hai akisimama mahali pake hekaluni.

Jambo hili waeleze wazee wako mapema, kabla hujaingiza majina yao. Mimi nilimweleza shangazi. Akasema, "Mwanangu, babu yako hakubatizwa kwa maji akiwa hai. Akiwa kaburini atabatizwa ya nini?" Nikamfafanulia kwamba kanisa hilo huwataka waumini wafanye ibada hiyo kwa jamaa zao wenyewe, na kwamba kwa mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita lazima jamaa wa karibu aliye hai akubali kwanza. Akataka kujua ni nani huyo wa karibu. Nikamwambia ni yeye. Hapo akaniruhusu niendelee, na majina nikayaandika. Familia nyingine itaamua vingine, na ina haki hiyo.

Katika maneno yake shangazi alikuwa amenieleza pia kwa nini sikuwa naona kitu upande wa baba. Waquaker hawabatizi kwa maji. Mkatoliki ana kitabu cha ubatizo na Mwanglikana ana chake, lakini Friends hawana kitabu cha namna hiyo hata kimoja. Wao huandika kumbukumbu za mikutano: nani amepokewa kuwa mshiriki, nani anaomba kuoa, nani ametumwa kufundisha. Basi mtu wa Kaimosi, Chavakali au Mbale akikaa miezi akitafuta tarehe ya ubatizo wa babu yake, anatafuta kitu ambacho hakikuandikwa kamwe.

Wamishonari wa kwanza wa Kaimosi walikuwa Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, na misheni yao ilitegemea sana Waquaker wa majimbo haya ya kati ya Marekani. Chuo cha Earlham kiko Richmond, Indiana, mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwangu kwa barabara kuu, na maktaba yake ina mkusanyiko maalumu wa nyaraka za Waquaker. Unaandika barua pepe kwanza, unaeleza unachotafuta, unaenda na penseli maana kalamu ya wino hairuhusiwi, unaletewa sanduku. Jina la babu sikulikuta. Nilikuta ulimwengu wake: kiwanda cha kupasulia mbao Kaimosi, ujenzi wa nyumba za matofali, mafundisho ya kusoma, kazi ya Emory Rees na Joel Litu ya kuitia Biblia katika Luragoli. Nilipomsomea shangazi habari za mbao, akaniambia babake alikuwa akizibeba begani akiwa kijana, na kwamba kovu alilokuwa nalo lilitokana na kazi hiyo. Hilo la kovu nilikuwa sijalisikia maisha yangu yote.

Upande wa mama kazi ilikuwa nyepesi. Binamu yangu alikwenda parokiani, akazungumza kwa heshima na karani, akaacha sadaka, akafunguliwa kitabu. Vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki vimejaa habari: jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, tarehe, padre. Pembeni huongezwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Mstari mmoja ulitupa jina la mama yake nyanya, mwanamke ambaye kwenye hadithi za nyumbani aliitwa tu mke wa fulani. Vitabu hivi mara nyingi haviko kwenye intaneti. Ukifungua katalogi ya FamilySearch ukachagua Kenya, orodha ni fupi mno ukilinganisha na ya Indiana peke yake. Anayetegemea kompyuta tu atadhani hana ukoo. Mtume mtu mwenye miguu, mlipie nauli na chakula, usimfanye msaidizi wa bure kwa sababu wewe uko Marekani.

Majina yenyewe yana matata. Mfumo wa FamilySearch umeundwa kwa watu wenye jina moja la familia linalorithiwa, na kwetu jina la pili hubadilika kila kizazi. Babu alirithi jina la marehemu, akapata jina la Kikristo alipoingia kanisani, na watoto wake wakalichukua lile la kwanza. Mzungu akaandika kwa sikio, mara kwa L, mara kwa R, mara G ikageuka K. Kwa hiyo mimi huingiza majina yote ya mtu katika sehemu ya majina mengine, na kwenye maelezo naandika ukoo, mlango (yaani tawi la ukoo) na kijiji. Walio hai hawaonekani na kila mtu, lakini marehemu wako kwenye mti mmoja wa watu wote, na yeyote mwenye akaunti anaweza kuwabadilisha. Weka ushahidi wako hapo hapo ili anayetaka kubadilisha auone.

Kuhusu tarehe, usitegemee cheti. Usajili wa lazima wa vizazi ulifika nchi nzima mwaka 1971 tu. Muulize mzee mambo, miaka uitafute mwenyewe. Je, alikuwa amezaliwa dhahabu ilipopatikana Kakamega, yaani 1931? Babake alirudi kutoka vita vya wapagazi, vile vya 1914 hadi 1918? Alikuwa darasa gani siku ya Uhuru? Upande wa Bungoma wana kipimo bora kuliko chetu, maana marika ya tohara ya Wabukusu hujulikana kwa majina, na rika likitajwa wazee hukutajia miaka.

Kwa nyaraka za serikali, jifunze majina ya kale. Hakuna faili ya wakati ule iitwayo Vihiga. Ni Kavirondo Kaskazini, yenye makao Mumias kwanza, kisha Kakamega. Na kabla ya 1902 sehemu zetu zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, hivyo za wakati huo zilikuwa chini ya Entebbe. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi, lakini kwa sisi wa Marekani ipo njia fupi: Chuo Kikuu cha Syracuse, New York, kina maikrofilamu nyingi za hifadhi hiyo, zikiwemo ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya. Mtu wa kawaida hatajwi humo, ila machifu, kodi, njaa na ugomvi wa mipaka vimo, na ugomvi wa mipaka ndio mara nyingi uliowahamisha babu zetu.

Siku hizi kila Jumapili jioni ya kule, mpwa wangu huweka simu mbele ya shangazi na kurekodi. Shangazi anaanzia kwa Mulogooli mwenyewe, babu wa Wamaragoli wote, anashuka kwa Kirima, anafika kwetu bila kukwama. Rekodi hizo nazikata vipande na kuziweka kwenye kurasa za marehemu husika, sehemu ya kumbukumbu, ambayo hupokea sauti na picha. Wiki iliyopita alimtaja dada mkubwa wa babu aliyeolewa upande wa Tiriki, ambaye hayumo kwenye orodha yoyote niliyo nayo. Tiriki nako ni Friends wengi, kwa hiyo simtafuti kwenye kitabu cha ubatizo. Mpwa amekubali kwenda Kaimosi mwezi ujao kuuliza wazee wa kanisa kama kumbukumbu za ndoa za miaka ile bado zipo.