Nilivyofanikiwa kumfuatilia Richard Strode, mbunge aliyetupwa shimoni kisa bati

Mi sio mwanahistoria, napenda tu mambo ya bunge, na nilitaka kujua hii kinga ya wabunge, yani kutoshtakiwa kwa wanayosema bungeni, ilianzia wapi. Wengi wanakimbilia Uingereza ya 1689 (ile Sheria ya Haki, Bill of Rights), nikarudi nyuma zaidi nikakutana na huyu jamaa, Richard Strode, mbunge wa Plympton, Devon, huko huko Uingereza, enzi za mfalme Henry VIII.

Shida ni kwamba hakuwa waziri wala askofu, ukitafuta jina lake unapata vipande vipande tu. Kilichonitoa ni kuachana na jina nikaenda kusoma ile sheria iliyotungwa kwa ajili yake, mtandaoni ipo. Tarehe yake inakwambia mwaka wa 4 wa Henry VIII, hapo usihangaike, mfalme alishika ufalme Aprili 1509 kwa hiyo mwaka wa nne unaanza Aprili 1512. Spelingi zake ni vituko ila ukisoma kwa sauti inaeleweka.

Sasa utamu wenyewe. Strode naye alikuwa mchimba madini ya bati, lakini akataka bunge lidhibiti uchimbaji kwa sababu ulikuwa unaharibu bandari za Devon. Wachimbaji walikuwa na mahakama zao, maeneo manne, na kila moja ikamlima faini ya pauni 40, jumla 160, bila hata kumwita ajitetee! Wakamkamata wakamtupa kwenye shimo chini ya ardhi pale Lydford, zaidi ya wiki tatu, mkate na maji tu, mpaka ikabidi ampe mlinzi hela apunguziwe mateso. Na kilichomtoa sio ubunge aisee, alitoka kwa sababu alikuwa mkusanyaji wa kodi ya mfalme, yani serikali ilikuwa inamhitaji alete hela. Hapo nilicheka peke yangu.

Bunge likafuta adhabu zote na kusema mbunge yeyote asishtakiwe kwa muswada au maneno ya bungeni. Baadaye watu wakabishana sana kama ilimhusu yeye tu au wote, mpaka 1667 bunge likasema ni wote. Nikafungua na Katiba ya Tanzania ibara ya 100, wazo ni lile lile.

Saa hizi nipo kwa mbunge mwingine, Peter Wentworth, huyo 1576 alipelekwa Tower, ngome ya London iliyotumika kama gereza, na wabunge wenzake kwa hotuba aliyotoa humo humo bungeni, kinga ya Strode haikumsaidia kitu.