Taa moja ya sola ilivyomtoa kijana kwenye kesi ya miaka 30

Mimi ni wakili, na kila wiki napigiwa simu na ndugu wa mshtakiwa, kaambiwa huko mtaani kesi ya jinai ni kuongea na hakimu tu, au atafute wakili mwenye makelele. Inaniuma sana, maana ng'ombe wa familia wanauzwa, hela inaliwa na dalali wa nje ya mahakama na kijana bado yuko mahabusu.

Kesi hii ilikuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, Kanda ya Ziwa huko. Hauna dhamana, na ukitiwa hatiani ni miaka 30 kwenda juu. Mwenye duka alivamiwa saa tatu usiku, akasema kamtambua jirani yake, kijana niliyekuwa namtetea, kwa mwanga wa taa ya sola. Basi, ushahidi wenyewe ndo huo.

Sasa kabla ya kusikilizwa nikaenda dukani saa tatu hiyohiyo na karani wangu, mafuta na msosi kama laki na kitu hivi. Mlalamikaji alisema alikuwa nje anaingiza meza ya mafuta ya taa, majambazi wakasimama mlangoni wakimtazama. Tukanunua soda, karani akasimama mlangoni, mimi nikarudi nyuma hatua nane. Jamani, huyu karani nafanya naye kazi miaka sita, lakini nilichoona ni umbo la mtu na masikio mawili, uso mweusi tii! Taa inaning'inia ndani juu ya kaunta, yani iko mgongoni kwake. Nikamwambia ageuke pembeni, ainame, acheke, wapi, sioni kitu. Nikachora pale pale kwenye daftari.

Lakini kuwa na mchoro ni kitu kimoja, kuuliza ni kingine. Zamani niliwahi kuwa na shahidi nimembana vizuri kabisa, kakubali giza, kakubali mbali, kakubali aliogopa, mi nikaona utamu nikaongeza, "Sasa giza lote hilo ulimtambuaje?" Akasema, "Kwa mwendo, mheshimiwa, anachechemea mguu wa kushoto." Na asubuhi ile mahakama nzima ilikuwa imemuona mteja wangu anachechemea kwenda kizimbani. Alifungwa. Swali lile sijalisahau mpaka leo.

Kwa hiyo safari hii nikauliza mafupi tu.
"Taa ilikuwa wapi?"
"Ndani, juu ya kaunta."
"Wao?"
"Mlangoni."
"Wanakutazama wewe?"
"Ndiyo."
"Kwa hiyo taa iko nyuma yao?"
Akanyamaza, halafu, "Ndiyo."

Nikampa asome maelezo yake ya polisi ya usiku uleule, kataja "vijana wawili", jina hakuna, wakati jirani anamjua toka mdogo. Nikaomba yapokelewe kama kielelezo. Hapo usiruke hatua, asiposomewa kwanza hayakusaidii kitu. Wakili mwenzangu ananinong'oneza, muulize basi alimtambuaje. Nikakaa. Mwendesha mashtaka akasimama kumuuliza tena shahidi wake ili arekebishe, shahidi akajibu mwanga ulikuwa mkali sana, kumbe ndo kazidi kuharibu, taa ya mgongoni ikiwa kali uso unazidi kuwa giza.

Kwenye hoja nikaweka kesi ya Waziri Amani ya 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kuona kwa macho ni dhaifu kuliko wote, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Nikaongeza kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya 2002, kwamba shahidi akimtaja mtuhumiwa mapema ndo anaaminika zaidi. Kurasa nne tu, sikupiga kelele hata kidogo.

Mahakama ikasema hana kesi ya kujibu, akaachiwa. Mama yake alikaa chini pale koridoni akashindwa kuinuka, ananiambia tu "baba, baba". Kijana alikuwa amekaa ndani miezi 14. Mwanae alimwacha ananyonya, sasa anatembea, na alipotaka kumbeba mtoto akakimbilia kwa bibi yake, hamjui.