Fonti ya kadi, mwezi wa tatu: unywele umekatika

Nimerudi kutoka kwa mchapaji na kadi sita za majaribio za mwaliko wa harusi, zenye fonti ninayoichora mwenyewe. Neno "Mwaliko" limetoka vizuri kuliko nilivyotarajia: ukubwa wa pointi 60, nguzo (mistari minene ya herufi) nyeusi tii, na mistari ya kuunganisha myembamba kama unywele. Chini yake, penye ukumbi na saa, ni balaa. Herufi n imebaki vijiti viwili visivyojuana. "Kaka, hii fonti yako ni ya mabango," mchapaji akaniambia, akicheka.

Fonti yangu niliianza baada ya kuchoka kuona fonti ya Playfair Display kwenye kila kadi ya mchango inayoniletea deni. Si mbaya hata kidogo. Claus Eggers Sørensen aliitoa 2011, ni ya bure, ndiyo maana imezagaa. Ila mimi nilitaka kitu kikali zaidi, cha ukoo wa wachonga herufi Bodoni wa Parma na Firmin Didot wa Paris. Mwishoni mwa karne ya 18 hao waliisukuma tofauti ya unene na wembamba hadi ukingoni: nguzo nzito zilizosimama wima, na serifu (vijimstari vya kwenye ncha za herufi) bapa, nyembamba, karibu bila mkunjo wa kuishikilia kwenye nguzo.

Kosa langu ni la hesabu. Nachora kwenye gridi ya yuniti 1000, yaani saizi ya fonti, iwe pointi ngapi, inagawanywa mara 1000. Nguzo nimeipa 96, unywele 12. Kwa pointi 60 unywele huo ni robo milimita, unaonekana. Kwa pointi 10 ni milimita 0.04, yaani nukta moja tu ya printa ya leza ya nukta 600 kwa inchi. Halafu bibi harusi kachagua maandishi meupe juu ya kijani kibichi! Wino ukitanuka kidogo tu kutoka pande mbili, unywele mweupe umezibwa.

Enzi za herufi za risasi kila saizi ilichongwa peke yake, na mchongaji angelitatua hili kwa mkono wake. Kwa hiyo jana usiku nimeanza mkato wa pili, toleo jingine la fonti hiihii kwa maandishi madogo: unywele 30, nguzo 84, nafasi kati ya herufi pana zaidi. Ukiukuza hadi pointi 60 unaonekana mzito, hauna madaha. Si kazi yake.

Kilichonila muda kuliko vyote, hata hivyo, ni Chang'ombe, ndiko uliko ukumbi. Herufi g yangu ni ya vitanzi viwili, ina kisikio kinachochomoza juu kulia, na ritifaa, ile alama ya ng', ni tone zito lenye mkia. Vikikutana vinagongana, nikivitenga, neno linasomeka kama mawili, Chang na ombe. Nilijaribu kusogeza ritifaa pekee, haikusaidia. Mwishowe nimechora ng' kama umbo moja: kisikio nimekifupisha na kukilaza, ritifaa nimeipandisha hadi usawa wa kichwa cha h, mkia nimeupunguza. Saa tatu kwa alama moja, lakini sasa neno linakaa.

Bado w. Mistari minne ya mshazari, mnene, mwembamba, mnene, mwembamba, na Kiswahili kinaiweka kila mahali. Kwenye "wawili" inajaza doa jeusi katikati ya mstari. Nimebana nguzo zake hadi 88, doa bado lipo. Jumatano narudi kwa mchapaji na kadi nyingine sita, safari hii karatasi laini, isiyokwaruza.